Mfuko wa jamii hutoa pesa vipi, na kwa nini andiko lenu limekataliwa

*“Asalaam alaykum. Sisi ni jumuiya ya mtaa hapa Wete, tuna usajili wa miaka mitatu sasa. Tunaendesha skuli ya maandalizi kwenye chumba cha kuazima, na mtaa wetu una mtaro ambao kila masika unafurika mpaka milangoni. Tuliandika andiko moja la shilingi milioni 60, skuli na mtaro pamoja, tukalipeleka kwa wafadhili wawili. Wote wamekataa, wala hawakutueleza sababu. Akiba yetu, milioni mbili na kidogo, anayo mweka hazina kwenye simu yake. Mzee wetu mmoja ametupa kiwanja kwa mdomo. Sasa shemeji yetu aliyeko Ohio anasema huko kuna mifuko ya jamii inayozipa pesa jumuiya kama zetu, tuiandikie. Wengine wanataka tuanzishe mfuko wetu, pesa ikae benki izae, lakini wazee wanasema hiyo ni riba. Tushike lipi?”*

Wa alaykumu salaam. Mmeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama pesa ya Ohio inafika Wete, kwa nini mmekataliwa, na kama mfuko wenu wenyewe ni jambo la kufaa. Nitaanza na Ohio kwa sababu jibu lake ni fupi, kisha tuzungumze yaliyo hapa nyumbani.

Shemeji yenu hakudanganya. Mfuko wa kwanza wa aina hiyo ulianzishwa Cleveland, huko huko Ohio, mwaka 1914. Mwanzilishi wake, Frederick Goff, alikuwa mkuu wa benki, na benki yake ilikuwa imeshika mali za marehemu wengi walioandika wasia kwamba pato lake litumike kwa kazi fulani ya hisani. Miaka ikapita, ile kazi ikawa haipo tena au haina maana, lakini wasia haubadiliki na pesa imekaa. Goff akapendekeza mali hizo zikusanywe mahali pamoja, benki izitunze, na kamati ya watu wa mji ule iwe inaamua kila mwaka pato liende wapi kulingana na shida ya wakati huo. Ukiisikia habari hii Zanzibar huoni kigeni ndani yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu: mali imefungwa, haiuzwi, pato linakwenda kwenye msikiti, chuo au mafukara. Alichoongeza Goff ni hiyo kamati ya wenyeji yenye ruhusa ya kubadilisha shabaha.

Lakini angalieni neno wenyeji. Mfuko wa jamii wa Cleveland umekusanya pesa za watu wa Cleveland ili uutumikie mji wao na vitongoji vyake, na karibu mifuko yote ya aina hiyo ina mpaka kama huo ndani ya katiba yake. Andiko kutoka Wete, hata liwe zuri namna gani, halipiti mlango wa kwanza. Msipoteze stempu.

Ipo njia ya pembeni, na shemeji aijue. Mifuko hiyo humruhusu mtu kufungua hazina ndogo yenye jina lake ndani ya mfuko mkubwa, akaweka pesa, kisha akapendekeza ziende wapi. Baadhi wanakubali kupeleka nje ya Marekani, ila kwanza wahakikishe kuwa jumuiya inayopokea inalingana na asasi ya hisani kwa sheria zao, au wapitishie kwa asasi nyingine ya huko inayofanya kazi hiyo. Uhakiki una gharama, na kila mwaka mfuko unakata ada ya uendeshaji, mara nyingi karibu asilimia 1. Kwa mtu anayetaka kutoa dola mia tano, haina maana. Atume moja kwa moja kwenye akaunti ya jumuiya kama anavyotuma pesa za Idi. Faida ya njia ile ni punguzo la kodi, na wafanyakazi wengi wa kawaida wa Marekani hawajazi fomu ya kodi kwa namna inayowapa punguzo hilo. Kama mna jamaa Uingereza, hao wana nafasi nzuri zaidi: wakichanga kupitia asasi ya hisani iliyosajiliwa kule, na wenyewe ni walipa kodi, serikali ya huko inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Hiyo inafaa kuulizia.

Sasa tuje kwetu. Kwanza nitenganishe vitu ambavyo kwenye mabaraza yetu vinachanganywa. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, iliyoanza mwaka 2000 na inayofanya kazi Unguja na Pemba, ni mfuko wa serikali. Ruzuku ya kaya na ajira za muda zinapitia huko kwa utaratibu wake. Mfuko wa jimbo unapitia kwa wawakilishi wenu. Wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi anatoa mikopo, na mkopo unarudishwa. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam inatoa ruzuku kwa asasi za kiraia na imewahi kufadhili asasi za visiwani, ila pesa yake kubwa hutoka kwa washirika wa nje. Mfuko wa jamii hasa, ule wa sampuli ya Goff, una alama tatu: pesa imechangwa na wengi, wanaoamua ni wenyeji, na sehemu ya pesa haitumiki kabisa, huliwa pato lake tu. Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni Kenya Community Development Foundation ya Nairobi, ulioanza mwaka 1997.

Na Zanzibar tumewahi kuonja kitu cha jamaa hiyo hiyo, tena kwenye skuli za maandalizi kama yenu. Mpango wa skuli za awali za madrasa uliosaidiwa na Aga Khan Foundation ulianza Mombasa miaka ya 1980 ukaingia Zanzibar mwaka 1990. Baada ya miaka michache ukaonekana ugonjwa ule ule: mradi ukiondoka, mishahara ya walimu inayumba. Basi katika miaka ya 1990 wakaanzisha mtaji mdogo wa kudumu: jamii inachanga kiasi, mfadhili anaongezea, pesa za skuli nyingi zinawekezwa pamoja, na kila skuli inapata gawio lake la kusaidia walimu. Waulizeni wazee wenu wa kamati za skuli, huenda wapo wanaokumbuka. Jozani nako, sehemu ya viingilio vya wageni wanaokwenda kuangalia kima punju inarudi kwenye vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na wanavijiji wanaamua ifanye nini. Si mfuko wa jamii kwa ukamilifu wake, lakini roho ni hiyo.

Mbona basi mmekataliwa? Sijaliona andiko lenu, lakini barua yenu fupi imeshanipa sababu nne, na mtu anayesoma maandiko themanini kwa wiki anaziona katika ukurasa wa kwanza.

Kubwa kuliko zote ni pesa kukaa kwenye simu ya mweka hazina. Najua ni mtu mwaminifu, pengine ndiye mwaminifu kuliko nyote, na ndiyo maana mkampa. Lakini mfadhili hampimi mtu, anapima kama wizi ungewezekana. Milioni mbili kwenye laini ya mtu binafsi ni mali ya mtu binafsi. Akifa leo, Mungu ampe umri, pesa hiyo inaingia kwenye mirathi yake na nyinyi mtasimama mlangoni na daftari. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la jumuiya, watia saini watatu, wawili kati yao lazima wawepo ndipo pesa itoke, na wasiwe mtu na mkewe au ndugu wa tumbo moja. Hili halihitaji mfadhili wala semina.

Ya pili ni kiwanja. Zanzibar ardhi kwa sheria ni ya umma, mtu ana haki ya kuitumia, na haki hiyo inataka karatasi. Juu ya hapo Pemba tuna mambo yetu: kiwanja cha huyu, mikarafuu iliyomo ya yule, na eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zina masharti yake ya kuhamishwa. Hakuna mfadhili atakayejenga ukuta juu ya neno la mdomo. Amekwisha kuona majengo yaliyokamilika, siku ya arubaini ya mzee warithi wakaja na kufuli. Mzee wenu yu hai na ana nia, basi huu ndio wakati. Anaweza kukupeni kwa hati, au akaweka wakfu kwa ajili ya skuli. Ukishaweka wakfu huwezi kurudi nyuma, huuzi, hubadilishi ovyo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inakuwa na usemi. Kwa skuli naona hilo ni kinga zaidi kuliko kifungo. Kwa kiwanja ambacho baadaye mnaweza kutaka kukibadilisha na kingine, fikirini mara mbili.

Ya tatu, mmechanganya skuli na mtaro. Mtaro wa maji ya mvua ni kazi ya Baraza la Mji. Mfadhili akiona jumuiya inaomba milioni kadhaa za saruji ya mtaro wa umma anajiuliza nani ataufagia mwakani, na kwa nini Baraza limekaa kimya. Mfuko wa jamii unaoendeshwa vizuri hauingii kwenye kazi ambayo kodi inatakiwa kuifanya. Lakini unaweza kukupeni pesa ndogo ya kumlipa fundi apime mteremko, mkapiga picha za masika, mkahesabu nyumba zinazoingiliwa na maji, mkaenda nazo kwa sheha, kwa diwani na kwenye Baraza mkiwa na karatasi mkononi. Shilingi laki nane za namna hiyo zinaweza kuvuta mtaro wa mamilioni. Kusafisha takataka mtaroni kabla ya masika, hiyo ni yenu, na haina andiko.

Ya nne ni ukubwa. Jumuiya ambayo haijawahi kushika zaidi ya milioni mbili inaomba 60. Hapa nawatetea wafadhili kidogo, ingawa kukataa bila kusema sababu ni adabu mbaya na wangefaa kuambiwa hivyo. Mfuko wa jamii unatoa kwa hatua. Unatangaza, mnaleta maelezo ya kurasa mbili, mtu anakuja kukutembeleeni na kukaa na kina mama bila ya kamati kuwepo, kamati ya wenyeji inajadili, mnatia saini mkataba, mnapewa awamu ya kwanza, mnaleta risiti na ripoti, ndipo ya pili inatoka. Mwaka wa kwanza unaweza kuwa milioni tatu. Ukirudi na kitabu safi, mwaka wa pili ni kumi. Ombeni kwanza vifaa vya skuli, mafunzo ya walimu, choo cha watoto. Na andikeni mchango wenu kwa thamani yake: siku za msaragambo, mawe, mchanga, chakula cha mafundi. Watu wetu wanaona haya kuhesabu kazi waliyoitoa kwa moyo. Ihesabuni, kwa sababu kamati inayosoma inataka kuona nani mwengine ameweka mkono.

Kuhusu kuanzisha mfuko wenu. Nalipenda wazo, na nitakupeni hesabu ili mulipende kwa macho wazi. Mfuko wa kudumu unakwenda kama mkarafuu: unachuma, hukati tawi. Na kama mkarafuu, haubebi sawa kila mwaka. Kwa hiyo mifuko yenye uzoefu haitumii pato lote la mwaka mzuri. Inachukua wastani wa thamani ya mtaji kwa miaka mitatu au zaidi na kutoa asilimia 4 au 5 yake. Kinachobaki kinarudi kwenye mtaji ili bei zinapopanda mfuko usinyauke. Sasa tuseme mmefanya muujiza mkakusanya milioni 40. Asilimia 4 ni milioni moja na laki sita kwa mwaka, yaani kama laki moja na elfu thelathini na tatu kwa mwezi. Hiyo haitoshi mshahara wa mwalimu mmoja. Jumuiya ya mtaa mmoja peke yake haiwezi kujenga mtaji wa maana, na anayekwambieni vinginevyo hajapiga hesabu.

Ndiyo maana mifuko hii hushika pesa za namna mbili kwa pamoja. Ipo ya kudumu, ndogo, inayokua polepole. Na ipo ya kupita, inayochangwa na kutolewa mwaka huo huo. Miaka ya mwanzo hii ya pili ndiyo inayofanya kazi, na ile ya kwanza inajenga imani. Nyinyi anzeni na ya kupita. Msimu wa karafuu ndio wakati, maana mtu aliyetoka kuuza karafuu zake ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, ana pesa mkononi, na mtu huyo huyo ukimfuata mwezi wa kiangazi unamtia aibu tu. Kina mama wenye vikundi vya hisa, vile vya kuweka na kukopeshana, waingizeni mapema: hao wana nidhamu ya kitabu na sanduku la funguo tatu kuliko kamati nyingi za wanaume ninazozijua. Lakini pesa ya hisa ibaki ya hisa, kila mwanachama ana mgao wake mwisho wa mzunguko. Msiichanganye na sadaka ya mtaa hata kwa siku moja.

Kama mtapenda mtaji wa kudumu, kaeni na mitaa mingine. Shehia saba au kumi za Wete, bodi moja, kila shehia mjumbe mmoja anayekaa kwa muda maalumu kisha anapisha. Wekeni sharti kwamba mjumbe ambaye jumuiya yake imeomba anatoka nje ya chumba wakati wa kuamua. Na anayechanga pesa nyingi apewe shukurani, asipewe uenyekiti. Nalisisitiza hili la mwisho kwa sababu ndipo mifuko ya mahali inapooza: tajiri mmoja au mwanasiasa mmoja anaugeuza kuwa mfuko wake, na kufikia uchaguzi unaofuata wachangaji wadogo wote wamekwisha kuondoka kimya kimya.

Wazee wenu kuhusu riba wana hoja, na msiwapuuze. Mimi si mwanachuoni, fatwa iulizwe Ofisi ya Mufti. Ninachoweza kusema ni kwamba mtaji wa kudumu haulazimiki kukaa kwenye akaunti ya riba. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za kibenki za Kiislamu tangu 2011, ambapo mwenye pesa anagawana faida ya biashara na benki, na faida hiyo inaweza kuwa ndogo mwaka fulani. Njia nyingine ni ile waliyoitumia wakongwe: nunueni au jengeni milango miwili ya duka ya kupangisha, kodi iende skuli. Ina uzito wake. Jengo linataka matengenezo, mpangaji anaweza kuchelewesha, na mkiwa na duka moja tu likakosa mpangaji mwaka mzima, skuli imekosa kila kitu. Tazameni baadhi ya nyumba za wakfu Mji Mkongwe, zilivyochoka kwa sababu kodi ni ndogo kuliko gharama ya chokaa na boriti. Tengeni sehemu ya kila kodi kwa matengenezo tangu mwezi wa kwanza.

Nikiwa nyinyi, mwaka huu ningefanya mambo mawili tu: akaunti na hati ya kiwanja. Andiko jipya lisubiri.

Kuna mahali barua kama hii inaishia na mguu unaanza. Suala la kiwanja msilimalize kwa maandishi ya kujitungia; nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wana ofisi Chake Chake, na kama mnaelekea kwenye wakfu, pitieni Kamisheni, ambayo ndiyo inayoshughulika na mirathi pia na itakuambieni mapema kama kuna mrithi wa kuulizwa. Mzee mwenyewe awepo, na mmoja wa watoto wake asikie kwa masikio yake. Kwa katiba na vitabu vya hesabu, PACSO, mwavuli wa asasi za Pemba, wanajua wafadhili gani wanatangaza na wakati gani. Unguja kazi hiyo ni ya ANGOZA. Hakikisheni pia usajili wenu uko hai. Asasi nyingi zilisajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995, zikasahau ripoti za mwaka na ada, na zinagundua siku ya kufungua akaunti. Sheria ya asasi ya mwaka 2002 mtakayoisoma mitandaoni ni ya Tanzania Bara, haikuhusuni.

Na atakuja mtu, kama bado hajaja, atakayesema anajuana na mfadhili na atakuandikieni andiko kwa malipo ya mwanzo, au kwa asilimia 10 ya pesa ikitoka. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba, na akigundua sehemu ya ruzuku imekwenda kwa dalali anaweza kudai yote irudi, kutoka kwenu waliotia saini. Andiko la kurasa mbili mwalimu wenu wa skuli anaweza kuliandika, kwa Kiswahili, na mfadhili asiyesoma Kiswahili Pemba mwacheni.